Mzazi wa Kuruta

Nataka tuzungumze leo juu ya mtu ambaye tangazo la Jeshi la Kujenga Taifa, litokapo baada ya mitihani ya kidato cha sita, halimtaji kamwe. Tangazo hilo hutaja shule na majina ya vijana, hutaja kambi na siku ya kuripoti, hutaja hata rangi ya shuka ya kulalia. Lakini mzazi, ambaye ndiye atakayebaki nyumbani akitazamana na kitanda kisicho na mtu, hutajwa mahali pamoja tu, tena kwa fumbo, napo ni pale palipoandikwa kwamba kijana aje na nauli ya kwenda na kurudi.

Mimi nilipata kuwa mzazi huyo. Kitindamimba wangu, binti wa miaka 19, alipangiwa kambi ya Bulombora, mkoani Kigoma, na sisi kwetu ni Tongoni, kusini ya mji wa Tanga, ambako jua huchomoza baharini. Yeye akawa anakwenda mahali ambapo jua huzama ziwani. Nilifungua ramani yake ya shule, nikaweka kidole kimoja Tanga na kingine Kigoma, nikaona kuwa nchi nzima imelala baina ya vidole vyangu viwili.

Huzuni ya mzazi, kwa rehema ya Mungu, haiji yote mara moja, kwa sababu siku zitanguliazo safari zimejaa shughuli. Ilitakiwa bukta ya buluu iliyokoza, yenye mpira kiunoni, isiyo na zipu na inayofika magotini. Ilitakiwa fulana ya kijani, raba za michezo, soksi ndefu nyeusi, na shuka mbili za buluu bahari. Wauza nguo sokoni wanaujua msimu huo kama wavuvi wajuavyo bamvua, na bei ya raba hupanda bila ya mtu kuuliza sababu. Nilizunguka siku tatu nikitafuta shuka. Nikaletewa ya samawati, nikaikataa. Nikaletewa inayokaribia zambarau, nikaikataa pia. Hata muuzaji mmoja, kijana mwenye adabu zake, akaniuliza kama bahari ninayoikusudia ni ile ya kusi au ile ya kaskazi. Sikuwa na jawabu. Nadhani shuka ile ningaliipata siku ya kwanza lau kama ningalitaka kuipata, lakini nafsi ilikwisha kujua kwamba siku kazi itakapomalizika ndiyo siku mtoto atakapoondoka.

Usiku wa kuamkia safari mama yake alimkalisha juu ya kigoda, uani, akazifumua nywele alizokuwa akimsuka kila Alhamisi tangu binti huyo ana miaka minne, kisha akazikata kwa mkasi mpaka zikabaki za kushikika kwa ncha za vidole tu. "Maadamu zitakatwa," alisema, "na zikatwe na mkono unaozijua." Akazikusanya zote katika pindo la kanga, akazifukia chini ya mwarobaini, kama ilivyo ada ya kwetu kutoziacha nywele za mtu zikapeperuka ovyo. Hakulia. Mimi niliyesimama mlangoni na kurunzi, nikijifanya kuwa ninamulika, ndiye niliyelazimika kwenda kuhakikisha kama kuku wamefungiwa.

Zamani binti wa pwani aliondoka kwao kwa njia moja mashuhuri, nayo ni ndoa, na kwa njia hiyo wazee waliweka akiba tele ya maneno. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, mnamo mwaka 1858, naye hali yake ni mgonjwa, alimtungia bintiye utenzi mzima wa wasia ambao hata leo wapo akina mama wanaoujua kwa moyo. Nami nikiwa nimesimama katika kituo cha mabasi cha Kange, saa kumi na moja alfajiri, nilitafuta kila pembe ya kumbukumbu zangu wasia wa kumpa binti anayekwenda kujifunza kushika bunduki, nisipate hata ubeti mmoja. Nikamwambia akae upande usio na jua. Na hilo nalo halikuwa na maana, kwa kuwa njia ya Segera, Chalinze, Morogoro na Dodoma hupinda mara nyingi mno, na abiria wa pande zote mbili huipata sehemu yao ya jua. Akaniambia, "Haya, Baba. Shikamoo." Nikaitika marahaba. Basi likaondoka.

Hapa naomba nitoke kidogo nyumbani kwangu, kwa sababu nadhani hofu yetu wazazi wa zama hizi ina asili yake, na mtu akiijua asili ya hofu huweza kuipunguza makali. Jeshi la Kujenga Taifa, yaani JKT, liliasisiwa tarehe 10 Julai 1963, na haikuchukua miaka mingi kabla ya kuwa faradhi kwa wasomi kupita mle kwa mujibu wa sheria. Ikaendelea hivyo hata mwaka 1994, ambapo utaratibu huo wa lazima ulisimamishwa. Na ukarejeshwa mwaka 2013. Kati ya tarehe hizo ipo miaka 19, na watu waliomaliza shule ndani ya miaka hiyo 19 ndio aghalabu walio wazazi wa makuruta wa leo. Mimi nilimaliza kidato cha sita mwaka 1995. Nilifika mlangoni mlango ukiwa umeshafungwa.

Kaka yangu mkubwa alipita, tena alipita Mafinga, kwenye baridi ambayo, kwa kauli yake, ilimfanya alale na viatu. Utotoni kwangu nilimsikiliza akisimulia mchakamchaka wa alfajiri, kwata juani, na zamu za lindo usiku wa manane. Na kwa jinsi nimjuavyo kaka yangu, kila mwaka alipoyasimulia mambo hayo vilima vya Mafinga viliongezeka urefu na maafande waliongezeka ukali. Tukawa sisi wa kati tumerithi hofu ya JKT bila ya kuirithi JKT yenyewe. Baba aliyepita kambini humtazama mwanawe akifunga begi na kumcheka, kwa maana anajua kwamba juma la kwanza ni gumu, la pili ni gumu zaidi, na kuanzia la tatu kijana huanza kuimba chenja kwa kupenda kwake. Baba asiyepita hana hesabu hiyo. Anayo masimulizi tu, na masimulizi hayana juma la tatu.

Na wala si kwamba waliotutangulia hawakuwa na mashaka yao. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu pale Dar es Salaam waliandamana mpaka Ikulu kupinga masharti ya kulitumikia Taifa, ambayo kati yake lilikuwapo lile la kulipwa asilimia 40 tu ya mshahara katika kipindi cha utumishi. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, kisha akawafukuza chuoni wapatao 400 na kuwarudisha makwao. Na katika hasira ile ile akaukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mkasa huo umeandikwa mara nyingi, na kila auandikaye hutueleza habari za wanafunzi na habari za Mwalimu. Mimi, tangu niwe mzazi wa kuruta, huwafikiri watu ambao hakuna aliyewaandika: mkulima wa kahawa au wa pamba ambaye mwanawe ndiye msomi wa kwanza katika ukoo wao, akausikia mlango ukigongwa, akaufungua, akamkuta amesimama na sanduku lake. Mzee yule alimwambia nini mwanawe usiku ule? Alimlaumu kwa kukataa jeshi, au alifurahi kwa siri kwamba amerudi? Wengi wa vijana wale walipokewa tena chuoni baadaye, lakini usiku ule mzee hakuyajua hayo.

Narudi kwangu. Siku mbili baada ya safari tulipata ujumbe mfupi kwamba amefika salama, kisha simu yake ikazimwa, na ukimya ukaingia nyumbani kama mgeni asiyeaga. Juma la kwanza nilivumilia. Juma la pili nilianza kuamka saa tisa za usiku bila ya kuamshwa, nikakaa barazani nikifikiri kwamba saa hiyo hiyo huenda mwanangu yuko lindoni, naye ni mtoto ambaye tangu kuzaliwa hakupata kwenda chooni usiku bila ya kumwamsha dada yake. Mama yake alikuwa akilala. Nilimwona kuwa na moyo mgumu, nikamwambia hivyo, naye akanijibu kwamba yeye alikwisha kuyamaliza yake chini ya mwarobaini. Sikumfahamu. Wanaume wengi wa rika langu tumefunzwa kwamba mapenzi ya baba huonekana katika jambo alitendalo, na baba akikosa la kutenda huona kama mapenzi yenyewe yamekosa pa kukaa.

Basi nikatafuta la kutenda, na nililolipata ndilo hili ninalowasimulia kwa haya. Ninaye rafiki wa tangu chuo cha Kurani, ambaye Mungu amemjaalia cheo, na ambaye kwa kalamu yake, hivi ndivyo nilivyodhania, angeweza kumfanya mtu ahamishwe kutoka mbali akaletwa karibu. Nilikata majani ya mgomba, nikafunga changu wawili wakubwa, nikaenda kwake kuomba kimemo. Kila Mtanzania anakijua kimemo: kikaratasi kidogo chenye maneno mawili matatu na sahihi moja, ambacho uzito wake hauko katika karatasi. Nilitaka binti yangu atolewe Bulombora akaletwe Mgambo, Handeni, au Maramba, au popote ambapo ningeweza kwenda na kurudi kwa siku moja.

Rafiki yangu alinisikiliza hata mwisho. Akauliza, "Mtoto anaumwa?" Nikasema, la, haumwi. "Analo tatizo la mwili ambalo hakulieleza?" Nikasema, hana. "Yeye mwenyewe ameomba kuhama?" Nikasema kwamba sijapata kuzungumza naye. Akanyamaza kidogo, akiwatazama wale changu. Kisha akasema, "Sasa kimemo hiki niandike ni cha nani?"

Nilirudi Tongoni na samaki wangu, maana alikataa hata hao, nao njiani walianza kunuka.

Hapa inanibidi nitenge mambo mawili ambayo wazazi huyachanganya. Iko haki na uko upendeleo. Mzazi mwenye mtoto wa pumu, au wa selimundu, au aliyepata kuvunjika mfupa ukaunga vibaya, ana wajibu wa kulisema jambo hilo mapema na kumpa mtoto vyeti vya daktari akavionyeshe siku ile ile ya kuripoti. Na tumeona matangazo ya jeshi lenyewe yakielekeza kwamba vijana wenye ulemavu wa kuonekana waripoti kambi ya Ruvu, pale Mlandizi, ambayo ina miundombinu ya kuwapokea. Kuyataja hayo si deko. Wapo wazazi, na nawajua, wanaomficha mtoto maradhi yake kwa kuona aibu, na hao wanafanya kosa kubwa kuliko langu. Lakini mimi sikuwa na mtoto mgonjwa. Mgonjwa nilikuwa mimi, na mgonjwa hatibiwi kwa kumhamisha mtu mwingine kitanda.

Aliyenitibu, kama neno hilo linafaa, ni shangazi yangu, ambaye umri wake haujulikani vizuri isipokuwa kwamba ni mkubwa. Mwanawe wa pili alikuwa JKT mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera, na kutoka kambini kijana akapelekwa vitani. Shangazi akakaa tangu Novemba ile bila ya barua, hata Kampala ilipotekwa tarehe 11 Aprili 1979, na hata baada ya hapo. Yeye ndiye mtu pekee katika ukoo wetu mwenye haki ya kunicheka, na alinicheka. Akaniambia kwamba mwanangu amekwenda kufunzwa na mwanawe alikwenda kupigwa risasi, na kwamba nikiyachanganya mambo hayo nitakuwa ninamdhulumu yeye, kwa kuichukua hofu yake nikaivaa mimi bila ya ruhusa.

Kisha akaniuliza ni lini mkwezi alipita mara ya mwisho. Nikamwambia, juma lile lile binti alipoondoka. Wasikilizaji wa bara huenda hawajui kwamba sisi wenye minazi huangua nazi kila miezi mitatu hivi, na miezi mitatu ndio muda wa makuruta wa mujibu wa sheria. "Basi usihesabu siku," alisema shangazi, "siku ni nyingi, zitakuchosha. Mkwezi akirudi, mwanao yuko njiani."

Nikauchagua mnazi mmoja mfupi ulio mbele ya baraza, na katika mnazi huo koroma moja iliyokwisha kupita udafu lakini haijakomaa ikawa nazi, na kila asubuhi baada ya sala nikawa ninaitazama. Mtu akinikuta hudhani ninamtafuta kunguru. Koroma haionyeshi kwamba inakua. Ukiitazama leo na kesho huoni tofauti yoyote, rangi yake hugeuka pole pole kutoka kijani kwenda hudhurungi bila ya kumpa mtazamaji taarifa, na hakuna unaloweza kuifanyia. Huwezi kuinyweshea maji kule juu, huwezi kuigeuza upande usio na jua. Nilijifunza kusimama chini yake kwa dakika chache tu, kisha kwenda kazini.

Juma la tano simu ililia, namba nisiyoijua. Sauti ilikuwa imekauka kwa kuimba, nami kwa muda sikuitambua. Hapa nina shauri moja, nalo nimelinunua kwa bei, kwa kuwa niliharibu nusu ya dakika zile chache kwa kumwuliza anakula nini, kana kwamba jibu lake lingeniwezesha kumpelekea sahani. Alisema ugali na maharage, kisha akanyamaza, maana halikuwapo la kuongeza. Mama yake aliponinyang'anya simu alimwuliza rafiki zake ni akina nani na wametoka wapi, na mtoto akafunguka kama bomba: yuko mmoja wa Songea, yuko mmoja wa Bukoba anayelia usingizini, yuko mmoja wa Pemba anayewafundisha kukunja shuka. Bibi yake alikuwa amelazwa hospitali juma lile, na tulikuwa tumekwisha kuafikiana tusimwambie. Lakini yeye aliuliza kwa jina, na mama yake akasema kweli, kwamba anaumwa na anaendelea vizuri. Niliogopa sana kwa ukweli ule. Baadaye binti aliniambia kwamba kama tungalimficha akaja kujua, asingalituamini tena katika simu yoyote, na kila "hatujambo" yetu ingalimkosesha usingizi. Kwa hivyo muulizeni mtoto habari za watu wake wapya, na akiuliza habari za nyumbani mpeni kweli, japo kwa kipimo.

Mkwezi alirudi mwezi wa Septemba. Binti alikuwa ametangulia kwa siku nne, mweusi kwa jua la Kigoma, mabega yamepanuka, kichwa kikiwa na nywele mpya fupi ambazo mama yake alizipapasa kwa muda mrefu bila ya kusema neno. Kabla ya adhana ya alfajiri tulimsikia akifagia uwanja. Mkwezi alipoiangusha ile koroma yangu, sasa ni nazi, niliiokota mwenyewe nikampa, naye akaipiga juu ya kifuo, akaifua kwa mapigo matatu, kazi ambayo zamani alikuwa akimwachia kaka yake.

Akawa anafua na kuzungumza. Alinisimulia mambo mengi, nami sitayamaliza hapa, lakini liko moja alilolisema bila ya kuinua kichwa. Alisema kwamba siku za mwanzo alikuwapo kuruta mwenzao ambaye kitanda chake kilikuwa cha pili kutoka chake, msichana mchangamfu, aliyewachekesha usiku walipokuwa wakiuguza malengelenge ya miguu. Siku moja akaitwa ofisini, akarudi, akafunga begi lake huku machozi yakimtoka, akaondoka. Ikasemekana kwamba wazazi wake wamemhamisha karibu na kwao. Wale waliobaki waliigawana zamu yake ya lindo. "Hakutaka kuondoka, Baba," alisema binti yangu. "Na hakuna aliyemwuliza."

Nikasema, "Masikini." Nikaokota makumbi, nikayapeleka nyuma ya nyumba.

Sikumwambia habari za changu wawili na majani ya mgomba. Hata leo sijamwambia. Lakini amenipigia simu mchana huu kuuliza mazungumzo yangu yatasomwa saa ngapi, nami nikamtajia saa, na kwa hivyo najua kwamba sasa hivi, popote alipo, anasikiliza.